Nilivyokipeleka Kifua kwa Baba Mkwe

Jamani, basi sasa. Tangu nirudi, kila anayeingia karakana kwangu anakaa juu ya pipa, anavuta pumzi, halafu, "Sefu, hebu tuambie, ilikuwaje?" Nami mnanijua, mdomo wangu hauna kufuli, namkatia kipande. Akitoka hapo anakwenda kukitia chumvi. Juzi nimesikia sokoni kwamba Ushirombo nilipigana na simba. Hakuna simba aliyepigana na mtu. Kulikuwa na simba wawili wa bati, na hata hao watu waliwaita fisi. Kwa hiyo naandika mara moja, mpokezane karatasi, mniache nifanye kazi za watu. Mambo ya tiketi na vibali nayaruka, kila mtu anayajua na hakuna anayeyapenda.

Kilichonitoa Shinyanga

Milembe mnamjua, yule aliyekuwa akishona nguo kwa shangazi yake karibu na kinu cha pamba. Mnajua pia jinsi nilivyokuwa nikipita pale na suruali nzima nikidai imechanika. Baba yake, Mzee Lukanda, ni mhunzi wa ukoo wa wahunzi, kule vilimani upande wa Geita, kwa Wazinza. Babu zao waliyeyusha mawe wakatoa majembe wakati babu zetu sisi walikuwa wanayanunua. Nilimtuma mjomba wangu Hamisi awe mshenga. Alirudi amechoka, vumbi mpaka kwenye kope, akanywa maji kwanza, ndipo akanipa jibu kama alivyopewa.

"Mzee anasema habari zako amezisikia," akaniambia. "Anasema, huyo fundi wa makopo kifua hana. Siku akiwa na kifua aje mwenyewe, asitume mtu."

Nilikasirika nikashindwa kula. Fundi wa makopo, mimi! Ni kweli natengeneza vibatari, makarai na mifereji ya mvua, lakini nani Shinyanga hii hajawashiwa taa na mkono wangu? Halafu kifua. Ni kweli Mungu hakunipa mwili, shati langu likivaliwa linaonekana bado liko kwenye kamba. Lakini mtu kuambiwa hivyo mbele ya mjomba wake! Najua, wapo kati yenu ambao wameshaanza kucheka. Chekeni polepole, hatujafika.

Siku zile nilikuwa naziba paa la nyumba ya mapadri. Padri mmoja mzee, Mtaliano, aliniita ninywe chai, na mezani kwake kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha. Nikafungua tu, nikakutana na kifua. Chuma, wallahi, chuma kimefuliwa kikawa mwili wa mtu: chuchu, mbavu, kitovu, misuli ya tumbo imejipanga kama viazi kwenye tenga. Mabegani vichwa vya simba vimeachama. Nikamuuliza kama hao ndio Warumi wa zamani. Padri akasema hapana, vitu vile vilifuliwa na wahunzi wa kwao Italia, karne nyingi baada ya Warumi kwisha. Mabwana wakubwa wa zama hizo walikuwa wakichimbua sanamu za mawe za Warumi na za Wagiriki wa kale, wakawaona wenzao wamesimama na vifua vipana, wakaona wivu. Wakawaita wahunzi wao, wakasema tufanyieni na sisi. Wakawa wanavivaa siku za gwaride, watu wakiwatazama wadhani mashujaa wa kale wamefufuka.

"Na wao wenyewe walikuwa na miili hiyo?" nikamuuliza.

Padri akacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema wengi walikuwa na vitambi, na wengine miguu kama ya korongo.

Sikutoka mezani pale nikiwa mtu yule yule. Hebu fikirini: mtu anavaa chuma kizito ili aonekane yuko uchi. Anachukua mwili wa shujaa aliyekufa zamani, anaufunga kwa mikanda, anatoka nje nao. Nikasema moyoni, Mzee Lukanda ametaka kifua, na kifua atakipata.

Nilinunua boneti ya lori bovu. Nikachimba shimo kwenye gogo la mninga liwe kitanda cha kufulia, nikawa napasha chuma kwenye mkaa, nagonga kwa ndani, napoza, narudia. Mbavu zilinitesa, kila ukiinua huu upande ule unabonyea. Vidole vilichanika. Mikanda nilikata kwenye ngozi ya ng'ombe, simba nikawachora manyoya kwa patasi, halafu nikasugua yote kwa mchanga na mafuta ya mawese mpaka nikajiona sura ndani ya tumbo. Ndipo Milembe, aliyekuwa amesharudi kwao, akaniletea habari kwa mdomo wa dereva: kuna mposaji mwingine, mwenye ng'ombe wengi, na watu wake watasikilizwa Ijumaa. Nisipofika kabla hawajajibiwa, mambo yamekwisha. Nikakifunga kifua kwenye magunia, nikapanda basi.

Shinyanga mpaka Tinde

Basi lilijaa, nami nikakaa nyuma kabisa, mahali vumbi lote la barabara linapokuja kupumzika. Nilikula vumbi hilo mpaka sauti ikakauka. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu, nikamgawia karanga zangu, tukawa marafiki. Nilimsimulia habari za Milembe zote. Hakuniuliza, lakini nilimsimulia.

Mnakumbuka siku zile barabara zilivyokuwa na vizuizi, mgambo wakitafuta sukari ya magendo na watu wa afya wakitafuta magonjwa. Tinde walikuwapo wote, wamekaa meza moja. Tukashushwa. Mgambo akaligonga gunia langu kwa fimbo, likalia ngoo. Akaniuliza nina nini. Nami huku nakohoa vumbi la watu wote nikamjibu ukweli.

"Nina kifua."

Akarudi nyuma. "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwezi wa Ramadhani, kila siku, asubuhi mpaka jioni. Akauliza kama kinatoa damu. Nikafikiri ameona vidole vyangu, nikamwambia mwanzoni damu ilitoka sana, sasa nimekizoea. Akauliza natumia dawa gani. Nikamwambia hakuna dawa, ni mkaa tu na mafuta ya mawese.

Rafiki yangu wa kofia ya ukindu akatema karanga zangu zote chini. Nesi, mama mmoja mnene mwenye gauni jeupe, akanishika mkono wa shati kwa ncha za vidole akanipeleka kwenye kibanda, akanipa kopo nitemee. Nje nikasikia basi linaunguruma. Abiria hawakutaka kungoja, na siwalaumu, gunia langu walilishusha kwa kulisukuma na mguu. Nilipochungulia niliona vumbi la basi tu likienda Kahama.

Nesi akaniambia nivue shati akione kifua. Nikamwambia hakiko kwenye shati, kiko kwenye gunia. Akanitazama kwa huruma sana, nadhani alifikiri ugonjwa umeshapanda kichwani. Nikatoka, nikafungua gunia, nikakisimamisha juu ya meza yao mbele ya mgambo na madaftari yao.  Halafu yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na gauni lake jeupe, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Mgambo hakucheka. Alikizunguka, akaniuliza kama anaweza kukijaribu. Nikamfunga mikanda. Akaenda kusimama katikati ya barabara na chuchu zake za chuma na simba mabegani, na niwaambieni, lori lililokuwa linakuja lilisimama mbali bila hata kuona kamba ya kizuizi.

Lori hilo lilikuwa la mbolea, linakwenda Kahama. Mgambo mwenyewe akaniombea nafasi. Nesi akaniaga kwa kuniombea Mungu anipe nafuu ya kifua, na dereva aliposikia hivyo akanikalisha nyuma juu ya mbolea.

Kahama

Kahama mvua ilinikamata, mvua ile ya mawe ambayo bati lake unalisikia mpaka kwenye meno. Magari yalisimama. Nikajisitiri kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chakula, Mama Shija, nikaagiza ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato wa kuchemsha. Gunia lilikuwa limelowa, nami kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni kutu. Nikakitoa kifua, nikakikalisha kwenye benchi pembeni yangu, nikaanza kukifuta kwa shuka yangu.

Watu waliacha kula. Mama Shija akaja taratibu akanong'ona, kwa adabu zote, kwamba baba, mwenzio huyo umfunike, hapa kuna mabinti wanakula. Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo fahari yake, watu wa zamani Ulaya walivaa chuma ili waonekane wamevua nguo. Akasema Ulaya wafanye watakavyo, hapa ni Kahama. Akafungua kanga yake ya juu akakifunga kifuani, akakaza fundo begani, halafu akawaona simba. Akaniuliza kwa nini nimeweka fisi.

Nikasema ni simba. Akasema simba hana taya kama lile. Tukabishana. Laiti ningenyamaza. Ninyi mmekaa Usukumani, mnajua neno fisi linavyowagusa watu, na habari za wachawi wanaotembea na fisi zinavyosemwa kwa sauti ya chini. Kila nilipozidi kupaza sauti kwamba hawa si fisi, ndivyo neno fisi lilivyozidi kusikika kibandani. Benchi la mbele likahama. La nyuma likaona ni heri mvua. Tukabaki mimi, Mama Shija, na kifua kimevaa kanga.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alikusanya sahani zilizoachwa, akanisogezea. Akasema samaki wameshapikwa na aliyewafukuza wateja ndiye awamalize. Nilikula sato mpaka nikafungua mkanda. Tangu siku hiyo namheshimu sana mama yule, ingawa kuhusu simba amekosea.

Ushirombo

Mvua ilipokatika nikapata lori la tumbaku lililokuwa limetokea Ushetu. Nililala juu ya marobota, nikashuka Ushirombo nimelewa harufu bila kuvuta. Hapo pia nikakwama, Jumapili hakuna gari linalokwenda mbele, na mkulima mmoja aitwaye Baba Paulo akanikaribisha kwake. Familia ya Kikatoliki, watu wapole, rozari ukutani na jembe nyuma ya mlango.

Bibi wa nyumba ile, mama yake Baba Paulo, alikuta nimekiegemeza kifua ukutani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yako kwenye chuma. Akafanya ishara ya msalaba, akauliza huyu ni mtakatifu gani aliyekatwa kichwa na mikono. Nikasema si mtakatifu, bibi, ni wa Mzee Lukanda. Basi. Wakati narudi kutoka kisimani, majirani watatu walikuwa wamekuja kumwona Mtakatifu Lukanda, na mmoja alikuwa anauliza kama anasaidia maumivu ya mgongo. Nilivyojitahidi kueleza, bibi alinikatiza akasema hata kama si mtakatifu, mtu aliyevumilia kuchorwa mbavu zote zile anastahili heshima. Akamwekea ua.

Jioni tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na maziwa mgando, nami nikamsimulia Baba Paulo habari yote kuanzia mshenga. Nilipofika kwenye maneno ya Mzee Lukanda, Baba Paulo aliacha kutafuna. Akamwangalia mkewe, mkewe akaangalia ndani ya kibuyu.

"Ndugu yangu," akasema, "una hakika mzee alisema kifua hiki?"

Nikamuuliza kama duniani kuna kifua kingine. Nilikuwa na hasira ya njia, nisameheni. Yule bwana akafikiri kidogo, akaniongezea maziwa. Alijua, na hakutaka kunivunja moyo nikiwa nimeshafika mbali vile. Asubuhi ya Jumatatu alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amebeba gunia yeye mwenyewe.

Rwamgasa

Kutoka pale nilibadilisha magari mpaka nikachoka kuyahesabu, mengine nililipia na mengine niliyasukuma, nikafika Rwamgasa Alhamisi na matope mpaka magotini. Mji wa wachimbaji mnaujua kwa kusikia. Vibanda vya turubai, kila mtu ana rangi moja ya udongo, na kila mmoja anakwambia kesho atakuwa tajiri. Nikauliza gari la kuelekea vilimani. Wakanicheka. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji tangu juzi yake, na mto umejaa, hakuna anayevuka. Watu walikuwa wamekaa tu wanangoja maji yashuke. Miongoni mwao walikuwamo wachungaji na kundi kubwa la ng'ombe, na nilipouliza wanakwenda wapi, wakasema kwa Mzee Lukanda, kuposa. Wazee wa mposaji walikuwa wameshavuka kabla ya mafuriko. Ng'ombe ndio waliobaki.

Nikakaa juu ya gunia langu. Sikuwa na la kufanya, na nikiwa sina la kufanya mnajua mimi hufanya nini. Nilisimulia. Wachimbaji wakataka kukiona kifua, nikakitoa. Wao hawakuuliza kama ni mtakatifu wala fisi. Mmoja alikipiga kofi akasema hii ni kinga, mtu akiingia nayo kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, mwamba hauwezi kumwangukia. Basi wakapanga foleni wakivaa mmoja mmoja, kila aliyevaa anatembea kidogo na kidevu juu, wenzake wanampigia makofi. Niliwatazama nikawakumbuka wale mabwana wa Italia. Wembamba kama mimi, wamechoka, wana kikohozi cha kweli cha vumbi la mawe, lakini ndani ya chuma kile kila mmoja alikuwa mtu mwingine. Walitaka kukinunua, na wakanitajia bei zilizonikausha mate. Nikasema hiki kina mwenyewe. Na hapo, bila kutaka, machozi yakanitoka mbele ya wanaume wazima, kwa sababu siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa.

Mchimbaji mmoja alikuwa hajasema neno. Nitamwita Masanja, na wala si jina lake. Alingoja wenzake watawanyike, akaja kuchuchumaa karibu nami. Akasema anaweza kunivusha. Akasema pia kwamba njia atakayonipitisha ndiyo maisha yake na ya watoto wake, ikijulikana amekwisha, na nimwapie kwamba sitamwambia mtu, hata huyo mke nikimpata. Nikaapa.

Kutoka Rwamgasa mpaka ng'ambo ya mto

Hapa siandiki kitu.

Msigeuze karatasi, nyuma hakuna. Nilivuka, kifua kilivuka, na hakikulowa.

Kwa Mzee Lukanda

Ijumaa asubuhi nilipanda kilima nikisikia nyundo juu ya fuawe, sauti ambayo mimi naielewa kuliko lugha yoyote, na miguu ikapata nguvu. Uani wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu, upande mmoja wa Mzee Lukanda na ndugu zake, upande mwingine wazee wa mwenye ng'ombe, wamevaa makoti. Nyuma ya mlango wa jiko nikaona jicho moja la Milembe. Moja tu, lakini lilinitosha.

Nikapiga magoti, nikatoa shikamoo zangu zote. Mzee Lukanda akaitikia marahaba, akaweka nyundo chini. Ni mzee mkavu, mikono mikubwa, mgongo umeinama kwa kazi. Akasema, "Wewe ndiye Sefu." Nikasema ndiye. Nikafungua gunia katikati ya uwanja, jua likakipiga kifua, na wazee wote wakaziba macho.

Mzee Lukanda akakisogelea. Alikichukua, akakigonga kwa kifundo cha kidole akisikiliza, mbavu moja moja. Kisha akakigeuza, akatazama ndani, mahali ambapo hakuna mtu mwingine njia nzima aliyepatazama, kwenye alama za nyundo. Alikaa huko ndani muda mrefu. Akauliza ni chuma gani, nikasema boneti. Akauliza kitovu nilikiinuaje bila kutoboa. Nikamweleza. Akawaambia ndugu zake kwa Kizinza maneno ambayo sikuyaelewa, lakini niliona vichwa vinatikisika kwa kukubali. Kisha akanigeukia akasema lile neno la fundi wa makopo analirudisha mdomoni mwake. Aisee, nilijisikia nimekuwa mrefu.

"Lakini mwanangu," akasema, "kitu hiki umekileta cha nini?"

Nikasema, mzee, ulisema sina kifua. Ulisema siku nikiwa na kifua nije mwenyewe. Basi nimekuja.

Aliyeanza kucheka alikuwa Mama Milembe, huko huko jikoni. Kisha wazee wa pande zote mbili. Mzee Lukanda peke yake hakucheka, alinitazama kama mtu anayemtazama ndama aliyeingia nyumbani. Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Kwamba ukoo wao una mambo ya tanuri na ya moto ambayo mkwe lazima ayaone, na akishayaona lazima yabaki ndani yake. Kwamba yeye hakusema habari ya mwili wangu. Alisema sina kifua, sisitiri neno, kwa sababu mambo yangu na binti yake yalimfikia yeye huku vilimani kupitia kwa madereva wa malori.

Hapo ndipo nilipoelewa maziwa ya Baba Paulo. Nilitamani ardhi inimeze na kifua changu. Nimesafiri njia yote hiyo, nimesimulia kila kituo, nimebeba mgongoni ushahidi wa kilo nyingi kwamba mzee alisema kweli. Wenye makoti walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko.

Ndipo mmoja wao akaacha kucheka ghafla. Akauliza daraja limeshatengenezwa. Akajibiwa bado. Akaniuliza, basi wewe umevukaje?

Wenzake wote wakanigeukia. Ng'ombe wao wako ng'ambo, wanakonda. Kama kuna njia, kundi litavuka leo leo. Na ndugu za Mzee Lukanda nao wakasogeza viti, kwa maana hata wao chumvi imewaishia tangu mafuriko. Wakaniuliza nimepita wapi. Nilifungua mdomo. Mnaujua mdomo wangu, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamkumbuka Masanja alivyochuchumaa matopeni akiongea habari za watoto wake. Nikaufunga.

Nikasema siwezi kusema. Wakadhani natania. Ndugu mmoja akasema, kijana, unaomba mke hapa, unatunyima njia? Mwingine akasema mtu huyu ana kiburi. Mwishowe Mzee Lukanda mwenyewe akasimama.

"Nakuuliza mimi, baba yake Milembe. Umepita wapi?"

 Nikamwambia, "Mzee, Milembe namtaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Lakini njia ile nimepewa na mtu nikamwapia. Si yangu kuitoa. Kama hiyo ndiyo bei ya Milembe, nirudishe nilikotoka." Na nikalia, mara ya pili katika safari moja, na nikaanza kukusanya magunia yangu.

 Nilikuwa nimeshafunga gunia la kwanza Mzee aliposema, bila kugeuka, "Mama Milembe, umesikia?"

Jikoni mama akajibu, "Nimesikia."

"Basi kifua kipo," akasema. "Acha gunia hilo, mwanangu, kaa."

Vigelegele vilitoka jikoni, vikashika nyumba ya pili, vikateremka kilima. Milembe alitoka akasahau aibu zote, akasimama mlangoni anacheka na kulia kwa pamoja. Wenye makoti walikuwa waungwana, nawapa haki yao, walinipa mkono mmoja mmoja, wakakaa wakala mbuzi pamoja nasi. Ndoa ni baada ya mavuno ya pamba na wote mmealikwa. Kuhusu yale ya tanuri niliyoonyeshwa siku zilizofuata, msinichokoze. Na njia ya mto hata Milembe hajaniuliza.

Lakini hili nawaambia, kwa sababu lilitokea mchana mbele za watu. Tulipomaliza kula, Mzee Lukanda alikiendea kifua. Akavua shati. Kifua chake mwenyewe kilikuwa kimebonyea, mifupa mitupu na makovu ya cheche. Akaniita nimfunge mikanda. Nikaikaza, na mgongo wake ukanyooka chini ya mikono yangu. Akatoka katikati ya uwanja, mpana, mbavu zinang'aa, tumbo la kijana wa kuoa, simba mabegani, akaanza kutembea. Watoto wakamfuata. Ndugu zake wakapiga mbiu. Alizunguka uwanja wote na kidevu chake juu, na alipopita mbele ya jiko Mama Milembe akatoka na mwiko mkononi, akamtazama, akamwita kwa jina ambalo Milembe hakuwahi kulisikia maishani mwake, jina la ujanani. Mzee akageuka kabla mama hajamaliza kulitamka.